Kodiani Nyuma ya Sauti ya Bi Nasra

Mwezi uliopita niliivua kodiani begani kwa mara ya mwisho. Daktari aliviangalia vidole vyangu akatikisa kichwa, na mie sikubishana naye, maana vidole vyenyewe vilikuwa vimeshaniambia mapema zaidi. Nyinyi mliobaki kwenye kikundi chetu cha taarabu mmeniomba niwaandikie nilivyoifanya kazi hii hapa London. Sitaandika tulilipwa nini wala nani alitusifu gazetini. Huyo aliyetusifu gazetini alikosea majina yetu yote. Nitaandika nilivyoanza, vyombo, shughuli chache zilizotutoa jasho, na habari za Bi Nasra, ambaye wengi wenu hamkumuwahi.

Kodiani nilijifunza Unguja, skuli, miaka michache baada ya Mapinduzi. Siku moja vililetwa vyombo kwenye makasha ya mbao, tukapangwa mstari, na mwalimu akanipa kodiani kwa sababu moja tu: nilikuwa na mabega mapana. Kazi yetu ilikuwa kupokea wageni wa serikali. Mgeni akishuka ndege tunapiga, akipanda ndege tunapiga, na katikati tunasimama juani kungojea. Nilikuwa hodari. Kisha nikaolewa na Haji, nikamfuata London, tukapata nyumba Walthamstow, na mie nikapata kazi ya mchana kwenye jiko la skuli. Kwa miaka sita sikugusa chombo chochote isipokuwa masufuria.

Aliyenirudisha ni tangazo lililoandikwa kwa mkono, limebandikwa kwenye duka la mihogo sokoni Walthamstow: kikundi cha taarabu kinatafuta mpiga kodiani. Mazoezi Jumapili mchana, Harrow. Nilikwenda na kodiani ya kuazima.

Chumba cha mazoezi kilikuwa juu ya duka la dawa la Bwana Kanji. Bwana Kanji ni Mhindi wa Unguja, mpiga fidla, mtu wa kuoga mara mbili kwa siku na kuja mazoezini na tai. Kiswahili chake cha Mji Mkongwe kilikuwa kizuri kuliko changu, na alinisahihisha kabla hata sijavua koti. Dirishani alikaa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, anatia vifungo kwenye gauni la mtu. Huyo ndiye Bi Nasra. Alikuwa mwimbaji wetu, mtunzi wetu na mkubwa wetu, na riziki yake aliipata kwa cherehani.

"Piga chochote," akaniambia bila kuinua macho.

Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Nilipomaliza, aliweka sindano chini.

"Mwanangu, nani kakufundisha? Unapiga kama unampokea rais."

"Ndivyo nilivyofundishwa, Bi Nasra. Kupokea marais."

Alicheka mpaka akavua miwani. Bwana Kanji hakucheka, aliangalia dari. Baadaye nilikuja kujua kwamba wote wawili waliondoka Unguja kwa sababu ya mambo ya wakati uleule ulioniletea mie ile kodiani. Ningekuwa wao, pengine ningemwambia yule msichana wa serikali achukue mkoba wake aende zake. Bi Nasra alifuta macho akasema, "Basi leo hakuna anayeshuka ndege. Punguza."

Kupunguza kulinichukua mwaka mzima. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kodiani ina mapafu, na kwamba mapafu hayo lazima yafuate ya mwimbaji. Alinikalisha nyuma yake, kidogo upande wa kushoto, niuone mgongo wake. Mgongo ukipanda, nafungua. Ukishuka, nafunga. Sikutakiwa kuangalia vidole vyangu wala watu. Nimeuangalia mgongo wa Bi Nasra kwa zaidi ya miaka ishirini, na naweza kuwaambia ni gauni lipi lilishonwa na nani. Jambo la pili alilonifundisha ni kunyamaza. Katika nyimbo zetu kuna sauti zinazokaa kati ya sauti mbili, ambazo fidla inazo na kodiani haina. Mie nilikuwa nazikisia kwa kubonyeza vibonyezo viwili pamoja. "Hiyo huna," aliniambia. "Usiyokuwa nayo mwachie Kanji. Wewe nyamaza, watu watafikiri umefanya makusudi." Nimesikia wapigaji wengi wazuri mji huu, na ninaowaheshimu ni wale wanaojua mahali pa kunyamaza.

Kuhusu chombo chenyewe. Kodiani yangu niliinunua kwa mjane wa Kitaliani, ilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka mitatu, na ndiyo maana niliibeba kwenye kigari cha mwanangu Raya, ambaye alikuwa ameshaanza kutembea. Ndani ya treni ya Victoria, wanawake wa Kiingereza walikuwa wanainama kumchekea mtoto, wanakuta mkoba mweusi, wanajirudisha polepole. Msiiache kodiani ndani ya gari wakati wa baridi. Ndimi zake za chuma, zile zinazotoa sauti, hushika unyevu, na mnapoingia kwenye ukumbi wenye joto na watu mia mbili waliojitia manukato, sauti tatu hukataa kutoka na moja hukataa kunyamaza.

Kumbi za London zina mambo yake. Kuna kisanduku ukutani chenye taa. Sauti ikizidi, taa inakuwa nyekundu, na ikiendelea hivyo umeme wote unakatika. Arusi yangu ya kwanza na kikundi, kisanduku hakikutusumbua. Kilichotusumbua ni ubani. Mama wa bibi arusi alipitisha chetezo chini ya king'amuzi cha moshi, king'ora kikalia, watu wote wakatolewa nje kwenye manyunyu, na wazima moto wakaja na kofia zao. Bi Nasra aliwaona akasema, "Hawa wamekuja arusini na hawajaimbiwa." Akaanza kuimba palepale kwenye uwanja wa magari, bila kipaza sauti. Bwana Kanji akatoa fidla chini ya mwavuli. Nilivaa kodiani juu ya koti. Tulipiga nyimbo mbili nzima, na mmoja wa wale wazima moto alicheza vizuri kuliko mashemeji.

Siasa zilitufuata kutoka nyumbani, na kila uchaguzi wa huko ulikuwa unatugawia ukumbi pande mbili huku. Watu walikuwa wanaangalia rangi ya kitambaa cha meza kabla ya kukaa. Bi Nasra alikuwa na sharti moja kwa kikundi: hatupigi wimbo wa chama, wa upande wowote, hata tukiombwa na anayetuajiri. Mwaka mmoja, kwenye tafrija ya Idi, upande mmoja ulidai wimbo wao, upande wa pili ukaanza kugonga meza, na vijana wawili wakasimama. Bi Nasra alitugeukia akasema tupige polepole, kisha akaimba kitu tulichokuwa hatujawahi kukisikia:

*Fundi waja na maneno, bado bomba lanivuja.*

Alikuwa anatunga papo hapo. Fundi aliahidi jana, aliahidi juzi, anakuja na mkoba mtupu, mwenye nyumba analala kwenye maji. Wa upande huu waliinuka kushangilia, wakijua fundi ni nani. Wa upande ule nao wakainuka, wakijua fundi ni nani. Wakacheza wote pamoja, kila mmoja akimsikitikia mwenzake kwa kusemwa. Njiani nilimuuliza fundi hasa ni yupi. "Fundi wa kaunsili, halmashauri yenye nyumba yangu," akasema. "Bomba la jikoni kwangu linavuja tangu kabla ya Ramadhani."

Sasa nifike kwenye arusi ya Asha.

Haji, mume wangu, alikuwa na ami yake akiitwa Mzee Makame, aliyeletwa London na mwanawe alipostaafu, wakakaa Harrow. Mzee mpole, mwenye kusema kidogo, hakosi sala. Mjukuu wake Asha alipopata mchumba, ukoo ukaamua kwamba taarabu ipigwe na kikundi chetu, na mie nikatumwa nikamwambie Bi Nasra. Nilikwenda kwake kwa furaha. Alikuwa anakata kitambaa.

"Bibi arusi ni nani?"

"Asha, mjukuu wa ami yake Haji. Mzee Makame. Zamani alikuwa karani serikalini."

Mkasi ulisimama.

"Karani wa gereza," akasema Bi Nasra.

Nilikuwa nimeolewa katika ukoo ule miaka mingi, na sikuwa nalijua hilo. Aliniambia yeye, huku amesimama na mkasi mkononi. Baba yake alikuwa mshoni na mpiga udi. Alichukuliwa nyumbani wiki chache baada ya Mapinduzi, na hakuna aliyewaambia kwa kosa gani. Kila Ijumaa Bi Nasra, msichana wa miaka kumi na sita, alikwenda na mama yake kwenye lango la gereza kuuliza. Pale palikuwa na karani kijana mwenye daftari kubwa. Alilifungua, akatafuta, akawaambia, "Rudini Ijumaa." Walirudi Ijumaa nyingi. Halafu Ijumaa moja hakufungua daftari. Alisema, "Msije tena," akaingia ndani. Basi. Mama yake Bi Nasra alikufa bila kujua kama ni mjane au si mjane.

Nilisema lililonijia mdomoni. "Nitawaambia siku hiyo tuna arusi nyingine."

"Tunayo?"

"Hatuna."

"Basi usiseme uongo kwa ajili yangu." Akarudi kwenye kitambaa. Alikata kipande kirefu, kisha akauliza, "Huyo Asha ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Kanikosea nini mie huyo? Tutakwenda."

Nyumbani kwangu kukawa moto. Haji aliposikia alisema hayo ni ya zamani, kila mtu aliamriwa, na ami yake ni mtu mzima asisumbuliwe. Nilimwambia Bi Nasra naye ni mtu mzima, na kwamba yeye Haji anataka zamani iwe imekwisha kwa sababu haikumchukulia mtu. Tuliishi siku nne kwa kuambiana "chai tayari" tu. Raya, ambaye alikuwa chuo kikuu wakati huo na anajibu kila kitu kwa Kiingereza ingawa anaelewa hata mafumbo, alituuliza kama kuna yeyote katika ukoo amewahi kumuuliza mzee mwenyewe. Katika ukoo ule wazee waliulizwa habari za afya tu.

Bwana Kanji naye alikataa. "Mimi sitapiga fidla mbele ya mtu yule," alisema, na tai yake ikapanda na kushuka.

"Sawa," Bi Nasra akamjibu. "Nitaimba na kodiani peke yake."

Bwana Kanji aliniangalia, akafikiria jambo hilo, na nadhani kilichomshinda ni heshima ya muziki. Siku ya arusi alikuja. Alichelewa dakika tano, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake.

Habari zilikuwa zimeshaenea. Ukumbi ulijaa, na najua kabisa wengine hawakuja kwa ajili ya bibi arusi. Walitaka kuona Bi Nasra atampiga kijembe gani. Uwezo huo alikuwa nao. Mstari wake mmoja ungeweza kumfanya mtu ahame mji. Mzee Makame alikalishwa mbele, kwenye viti vya wazee wa kiume, na kofia yake ya vito iliyodariziwa kwa mkono. Nilikaa mahali pangu nikauangalia mgongo.

Tulipiga saa mbili. Hakukuwa na kijembe, wala fumbo. Aliimba uzuri wa Asha, hina yake, subira ya mama yake. Watu walianza kutazamana. Halafu ukafika ule wimbo wa kuwataja wazee wa bibi arusi, ambapo mwimbaji lazima awataje mmoja mmoja kwa majina na kuwaombea. Hilo haliepukiki, ukimruka mzee umemtukana. Mgongo ulipanda, nikafungua kodiani, na ukakaa juu muda mrefu kuliko kawaida mpaka nikaogopa kwamba mapafu yangu yatamalizika kabla ya yake. Akaimba, "Na babu yake Makame, Mungu ampe mwisho mwema." Kwa sauti ileile, kwa utamu uleule aliowataja nao wengine. Akaendelea na bibi upande wa mama.

Nilivunja sharti, nikatazama watu. Mzee Makame alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili magotini kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

Nilipomuuliza Bi Nasra baadaye, wakati tunakunja nyaya, iliwezekanaje, alinijibu kwa ukali kidogo. "Arusi ni ya msichana. Ningekwenda na yangu, ningekuwa nimemwibia." Kisha akaniagiza nisisahau kigari.

Wiki tatu zikapita. Siku moja simu ikalia, na alikuwa Mzee Makame mwenyewe, ambaye hakuwa na desturi ya kupiga simu. Aliniuliza mazoezi yetu huwa siku gani. Nilimwomba anipe siku moja, nikamwambia Bi Nasra. Akasema, "Mwambie ngazi ni kali, aje na mtu."

Alikuja na Haji. Mume wangu, aliyesema hayo ni ya zamani, alimpandisha ami yake ngazi za duka la dawa, kidaraja kwa kidaraja, akamkalisha kwenye kiti, akabaki amesimama mlangoni kwa kuwa hakujua aende wapi. Bwana Kanji alitaka kutoka. Bi Nasra akamwambia akae.

Mzee hakuanza kwa salamu ndefu. "Baba yako aliugua homa," alisema. "Alikaa siku tisa. Alikufa Jumanne. Niliamriwa nisiandike, na sikuandika. Nyinyi mlikuja Ijumaa ile, na daftari halikuwa na kitu."

"Wapi?" Bi Nasra akauliza.

"Nje ya ukuta wa nyuma, penye kisima kilichofukiwa. Tulikuwa watu wanne. Tulimwosha. Sanda ilikuwa shuka yangu."

"Alisaliwa?"

"Alisaliwa. Mimi ndiye niliyesalisha."

Chini dukani kengele ya mlango ililia, mtu akaingia kununua dawa, akatoka. Bi Nasra alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa wa msichana.

"Unakaa Harrow miaka minane," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa. Mwanzo niliwaogopa wakubwa. Wakubwa walipokufa, nikakuogopa wewe."

Nilidhani atapiga kelele. Ningekuwa mie, ningepiga. Alimshukuru kwa kuja. Akasema kwamba hayo mengine hana jibu lake leo, na kwamba ashuke taratibu, kidaraja cha tatu kimelegea. Walipoondoka, Bwana Kanji alifungasha fidla bila kuambiwa. Ndiyo mazoezi pekee tuliyoyakatiza katika miaka yote ile. Tulikaa watatu tukanywa chai ya maziwa mpaka birika likaisha, na Bi Nasra akatusimulia jinsi baba yake alivyokuwa anakaza nyuzi za udi kwa meno.

Ijumaa iliyofuata alimsomea baba yake hitma ya kumrehemu, nyumbani kwake Walthamstow. Baada ya miaka thelathini na kitu, sasa alikuwa na siku ya kifo na mahali pa kaburi, na alisema hiyo inamtosha mtu kuitisha watu. Haji alikuja mapema kubeba viti. Alivibeba vyote peke yake, na hakuna aliyemzuia. Raya alishika juzuu pamoja nasi, akasoma polepole kuliko wote. Bwana Kanji alikaa jikoni na tai yake akamenya vitunguu saumu, macho yanamtoka machozi, akisema ni vitunguu.

Watu walipokwisha kula, Bi Nasra alichukua sahani ya kaure, si ya karatasi, akapakua pilau, akaweka nyama mahali pazuri, kachumbari pembeni, akaifunika kwa sahani nyingine na kuifunga kwa kitambaa.

"Mpelekee mzee wenu," akaniambia. "Mwambie ni sadaka ya baba yangu. Na urudi na sahani."

Nilikwenda nayo kwa treni, nikabadilisha King's Cross, sahani mapajani, behewa zima linanukia bizari. Mzee Makame alinifungulia mwenyewe. Nilimwambia kama nilivyotumwa. Alikwenda kunawa, akatandika mkeka, akakaa chini ingawa magoti yake yalikuwa mabovu, akala kwa mkono. Alikula polepole, punje kwa punje, kama mwenye kazi ya kumaliza, na mie nikakaa kumngojea kwa sababu niliambiwa nirudi na sahani. Alipomaliza alisema, "Mwambie nimekula."

Nilirudi Walthamstow. Wageni walikuwa wameondoka, Bi Nasra yuko kwenye beseni anaosha masufuria.

"Kasemaje?"

"Kasema nikwambie amekula."

Akaipokea sahani mkononi mwangu, akaitia kwenye maji, akaiosha, akaipanga pamoja na nyingine.